Kijani cha Baba Ndoole

Alikuja na simu iliyopasuka kioo,
ndani yake picha moja: mlima, ng'ombe saba,
na majani, majani ya kuumiza macho.
"Nataka lebo ya duara," akasema, "ikae juu ya jibini
kama kofia juu ya kichwa cha askofu.
Elfu mbili. Na kijani kiwe hiki hiki."

Nikamwambia keti, Baba.
Nje Birere ilikuwa na kelele zake,
chukudu zikishuka na magunia ya makaa,
umeme umeondoka tangu saa nne
na jenereta ya jirani ikikohoa kwa niaba yetu sote.

Nikaeleza. Kueleza ni nusu ya kazi yangu,
kwani karatasi ya gundi ni ghali kuliko maneno.
Picha iliyorushwa simu kwa simu
ni chai iliyoongezwa maji mara tano.
Mashine inadai nukta mia tatu katika kila inchi;
yako ina sabini na mbili, Baba,
na yule ng'ombe wa mwisho si ng'ombe,
ni vibonge vitatu vya rangi ya udongo.
Akacheka. "Huyo ni Sifa. Hata malishoni hujificha."

Akampigia shemeji yake, tukangoja siku mbili,
picha ikaja nzima, nzito, na Sifa akapata pembe.

Nikaongeza milimita tatu za majani nje ya duara,
majani ya kupotea.
Kisu hakina macho: ukikipa mpaka kamili
kitakuachia uzi mweupe ukingoni.
Kipe cha kula.
"Kumbe na kisu kina bariere yake," akasema,
"hupiti bila kuacha kitu."
Sikujibu. Nimesikia habari za barabara ya Masisi.

Herufi za jina lake nikazigeuza michoro
zisije zikavaa sura ya mgeni kwenye mashine kubwa.
Nyeusi nikaipikia nyeusi ya kwetu:
wino mweusi peke yake hutoka kijivu,
jivu la juzi;
uchanganye kidogo na zile nyingine tatu
ndipo ukaribie jiwe tunalojengea kuta.

Kisha nikabonyeza. Kutoka nuru kwenda wino.
Na kijani kikashuka mbele ya macho yake
kama mtu aliyeitwa pembeni akaambiwa habari.

"Umekiua."

Sikukiua, Baba. Skrini ni taa, ina moto mgongoni.
Karatasi haina taa, huazima jua la wengine.
Mimi nina rangi nne tu: samawati, waridi, njano, nyeusi.
Kwa hizo nimechapa maharusi, wagombea,
marehemu, dawa za minyoo.
Kijani chako hakimo.

Nikamtolea nakala moja ya majaribio.
Akatoka nayo mpaka kizingitini,
akaielekeza kwenye mwanga wa saa kumi,
akaigeuza, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.
Kyakimwa, mwanafunzi wangu, akataka kusema neno;
nikamkanyaga mguu.

"Hiki nakijua," akasema mwishowe.
"Ni cha mwezi wa saba, mvua zikiwa zimetuacha.
Kile cha kwenye simu..."
Hakumaliza.
"Ng'ombe wako wangapi sasa?" Kyakimwa akauliza, mtoto huyu.
"Shemeji ana wawili. Na sufuria."

Akahesabu noti, akazihesabu tena.
"Piga mia mbili kwanza.
Njia ikifunguka, nitarudia zilizobaki."

Faili ninayo bado.
Niliiita NDOOLE MWISHO, kisha NDOOLE MWISHO KABISA,
kama tunavyofanya sote katika kazi hii ya kudanganyana.
Na zile milimita tatu sikuzitupa jioni ile.
Zimo kwenye droo, chini ya mkasi:
pete mia mbili za majani, nyembamba,
hazijakanyagwa na kwato.