Haina Kosa

Usitafute kosa, Gadieli, halipo.
Iwashe. Itawaka.
Rangi zake ni zilezile zilizoninasa hapahapa,
kasuku mwekundu, maporomoko ya nchi nisiyoijua,
na wewe ukinirudisha hatua mbili nyuma:
"Simama hapo, mama, uone kama dirisha."
Nikaona kama dirisha.

Rimoti hii, bado ina nailoni yake.
Skrubu nne za ukutani, kifuko hakijachanwa.
Boksi limechubuka kona moja. Hilo ni langu,
au ni la guta la Hashimu na mashimo ya Pasua,
tutaelewana.

Ndiyo, muhuri nimeusoma.
Mwekundu, umegongwa juu ya jumla:
MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.
Umefunika sifuri mbili za laki tisa na themanini.
Lakini muhuri ulikuja hela ikiwa imeshaingia drooni.
Kabla ya muhuri palikuwa na mdomo,
na mdomo ulikuwa wako.

Ulisema nini Ijumaa ile, saa kumi,
nilipokuwa bado nimeushika mkoba kwa mikono miwili?
"Mzee asipoipenda, irudishe.
Siku saba. Mimi nipo."
Leo ni siku ya tano.
Na wewe upo.

Shemeji yangu ni karani mahakamani, jana nilimuuliza.
Akakuna kidevu:
"Ingekuwa mbovu, ungeshinda hata ukiwa umelala.
Nzima haina wakili.
Ulichonacho ni neno la muuza duka,
na neno halitoki kwenye mashine ya risiti."
Jirani yangu Nakundwa akanionyesha njia ya mkato:
maji kidogo tu hapa nyuma, penye matundu,
kisha uje na uso wa mtu aliyedhulumiwa.
Nilijaza kikombe, sikufichi.
Nikasimama nacho.
Nikamwagilia mchicha.

Sasa unauliza hakuipenda nini.
Inama kidogo, yule mteja wa pasi asisikie.

Zamu yangu ya upatu ilifika.
Nilidhani ni mpira unaomtoa nyumbani,
nikasema basi, mpira nitauleta ukae sebuleni.
Jumamosi nikapika machalari, nyama ya mbavu.
Ikawaka. Timu zikaingia. Filimbi ikalia.
Mtoto akawa ananieleza nani kaotea, nani kafunga.
Dakika tisini zikaisha, na za nyongeza,
sahani yake ikiwa imefunikwa kwa sahani.
Alirudi saa saba.
Akapita mbele ya kioo hiki chenu cha inchi hamsini na tano
kama mtu anavyopita mbele ya kabati,
akauliza kama maji ya kuoga yapo.

Hakuikataa, Gadieli.
Hakuiona.

Kwa hiyo kwenye hiyo fomu, palipoandikwa KASORO,
piga mstari.
Palipoandikwa SABABU,
sijui huwa mnajaza nini.

Mpigie Kimambo. Nitasubiri.
Kiti sihitaji.

Anasema hela haitoki?
Nilijua. Hela ina mlango wa kuingilia tu.
Anasema mali kwa mali, tena kwa hisani, siyo haki,
na elfu thelathini anakata kwa ajili ya boksi.
Mwambie elfu kumi.
Mwambie hisani haikati elfu thelathini.

Haya, ishirini.

Ile friji pale ya mlango wa kioo, ifungue.
Inabeba soda ngapi?
Maana kule kwetu, nyumba ya nne kutoka kwangu,
kuna banda la kuonyesha mpira,
wanaume wanakaa mle mpaka usiku,
na wote wanatoka na kiu.

Nitamuuzia na yeye. Bei ileile.

Ila safari hii, Gadieli, usiniambie chochote.
Chukua kalamu.
Andika hapa chini, penye nafasi:
siku saba, jina lako, tarehe.
Hapana, usigonge kwanza.
Andika kwanza.