Barua ya Jiwe

Siku yake ya mwisho kazini Hjördis alinivika mfuko,
akanishika kiwiko kama mtu anayemvusha kipofu barabara,
akasema: Sixten, mji huu mkongwe wa Stockholm
hausomwi kwa ramani. Husomwa kwa magoti.

Tukaanzia Uwanja wa Chuma, ambako zamani
kila pande lilipanda mizani kabla ya kupanda meli,
na mizani, alisema, ilikuwa na rafiki zake.
Leo panauzwa aiskrimu. Nayo hupimwa kwa jicho.

Kisha uchochoro wa Mårten Trotzig,
vidato thelathini na sita, upana usiotimiza mita.
"Mwaka wa mimba ya Vendela," akacheka,
"nilipita ubavuubavu hadi mwezi wa sita.
Wa saba nikakwama.
Kuta hizi ndizo zilizoniandikia likizo."

Wasemao nyumba njema si mlango
hawakuwa watu wa posta.
Miaka thelathini na mmoja aliona milango tu:
wa kijani, wa mwaloni, wenye simba aliyeuma pete,
na kupitia tundu la barua alijua
nani kafiwa, nani anadaiwa,
nani ameanza kupendwa tena.

Uwanja Mkuu aliupita kando kando.
"Novemba ya 1520 mfalme mgeni aliwaalika karamuni.
Walikula. Milango ikafungwa.
Kisha mvua na damu zikatumia mfereji mmoja
kuteremka vichochoro hivi unavyovipanda."
Mtalii akatuonyesha nyumba nyekundu yenye mawe meupe,
jiwe moja kwa kila kichwa, ndivyo alivyosimuliwa.
Hjördis akaitikia kwa kichwa. Alipokwisha kupita:
"Mawe yale ni mapambo ya tajiri fulani,
zaidi ya karne moja baada ya damu kukauka.
Lakini katoka mbali. Mwache aondoke na kitu."

Kanisa Kuu lilipata bili ya umeme.
Ndani, mtakatifu juu ya farasi bado hajammaliza joka;
zaidi ya miaka mia tano mkono uko juu na upanga.
"Namwelewa," alisema. "Bega kama hilo ninalo."

Mtaa Mrefu, upande wa mashariki, ulikuwa ufuko.
Kisiwa huinuka, kila mwaka unene wa bahasha chache,
kimya, bila kibali cha manispaa,
na maji yamerudi nyuma kama mdaiwa.

Kwenye kona ya Mtaa wa Makasisi akapunguza mwendo.
Pale mzinga wa kale umesimamishwa kuzuia magurudumu,
na nyuma yake kuna jiwe, kongwe kuliko mji,
ambalo fundi alilitia ukutani kama tofali.
Akayafuata maandishi kwa kidole cha glavu:
Torsten na Frögunn walilisimamisha jiwe hili
kwa ajili ya mwana wao
Hapo limevunjika. Jina halipo.

"Hii ni barua," alisema. "Watumaji tunao.
Isiyo na mpokeaji hurudishwa ilikotoka, hiyo ndiyo sheria.
Haya, niambie, hii irudishwe wapi?"

Kila asubuhi alikuwa akilijaribishia jina moja
kutoka mfukoni: Åke. Birger. Folke.
"Mwaka mmoja," alisema, "nilirudia jina lile lile,
mwaka mzima, na halikutoka mfukoni."

Sikuuliza. Theluji nyepesi ilikuwa imeanza,
ile isiyoamua kama ni theluji.
Akaulegeza mkanda begani mwangu matundu mawili,
maana mimi ni mrefu kuliko yeye,
akatangulia, huku akilalamikia viatu.
Zilibaki bahasha arobaini na tatu.
Nikatazama ya juu: bili ya maji, ya Torbjörn fulani.
Nikalisogelea jiwe,
nikalitamka.