Huyu Apite

Saa kumi na mbili kasorobo.
Dungu limejaa pumzi zetu, mimi na Signe,
na harufu ya kahawa iliyomwagikia glavu.
Chini yetu mahindi yamekwisha kuvunwa;
mabua yamechomoza kwenye theluji
kama ndevu za siku tatu.

Anatokea nyuma ya mwaloni, peke yake.
Pembe mbili, vijiti vya kuwashia moto.
Shingo nyembamba, tumbo halijashuka,
miguu imemtangulia akili.
Signe hapumui. Kidole kimetoka kwenye glavu.
Ana miaka kumi na miwili, na kibali chake cha kwanza
amekikunja mara nne mfukoni.

Nasema, chini ya sauti:
Huyu apite.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi ninalo daftari, jalada la kijani,
limelowa, limekauka, limevimba.
Humo hamna bei. Kuna Sikio Lililochanika,
kuna yule anayechechemea mguu wa nyuma,
kuna "matawi matatu kulia, kushoto aibu".
Wa mwaka mmoja: wanane.
Wa miaka miwili: watatu.
Wa mitatu: mmoja.
Wa minne: nimeupiga mstari ukurasa, nangoja.

Kila Februari nashika msumeno, naangusha miti myembamba
ili jua lifike chini na machipukizi yapate uso.
Na kona ya kaskazini, penye kinamasi, nimeiacha:
haingii mtu, haingii mbwa, siingii mimi,
hata kwa kumfuata niliyemjeruhi.
Ukitaka pembe, acha pembe.

Lakini ekari ni themanini tu,
na kulungu hasomi hati ya shamba.
Huruka seng'enge ya Orville Zastrow
kama mtu anayevuka kizingiti cha kwao,
na kwa Orville kuna bunduki nne na friza mbili.

Mwaka juzi, Agosti, nilimpelekea pai ya tufaha.
Nikamwambia: tuwaache madume wafike miaka minne,
tule majike, wapo tele, wanatumaliza miche.
Akaitazama pai. Akanitazama.
"Pembe," akasema, "hazichemki zikaiva."
Nikacheka, maana ni kweli.
Mkewe alikuwa akilazwa Jumatatu, akitoka Alhamisi,
na bili za hospitali zilikuja nene kuliko gazeti.
Sikurudia ombi. Niliiacha sahani.

Ilirudi Novemba, sahani ile ile,
na juu yake taya, limefungwa kwa karatasi.
"Ni yule wa sikio," akasema. "Sikujua."
Kisha, akiwa bado mlangoni: "Nilijua."

Nikawasha taa ya jikoni, nikayasoma magego.
Kahawia imeanza kuishinda nyeupe kwenye la pili,
la mwisho bado kali kama sindano.
Miaka mitatu na nusu.
"Bado mmoja?" akauliza.
"Bado mmoja."
Akavua kofia, akaivaa tena.
Jana, akasema, vijana wawili walipita chini ya dungu lake,
karibu kiasi cha kuwatemea mate.
Hakusema aliwaacha kwa ajili yangu.
Alisema friza imejaa.

Taya lipo dirishani, kando ya sabuni.

Sasa kijana wetu anainua pua, ananusa hewa,
anatuonyesha ule mkia mweupe
na kwenda zake, wala hakukimbia,
kuelekea kusini, kuelekea seng'enge.
Signe amenuna. Amerudisha kidole kwenye glavu.
Baada ya muda anaomba penseli,
anaandika akibonyeza mpaka karatasi inatoboka:
Vijiti viwili. Masikio mazima. Nimemwacha MIMI.

Mlio mmoja, upande wa Zastrow.
Kunguru wanaruka, wanatua.

Huenda ni jike, nasema.
Penseli bado iko hewani.
Huenda ni jike.
Acha mstari mmoja mtupu, namwambia, chini ya hapo.