Lumbesa

Isyonje leo ukungu umeingia hadi jikoni.
Tunachambua viazi, mama na mimi:
vya mbegu kushoto kwake, vya sokoni kulia,
vilivyochomwa na jembe tutakula wenyewe.
Maneno niliyoyapanga tangu Uyole
yameganda kooni kama mafuta ya ng'ombe.

Kiswahili kilinificha vizuri, mama.
*Amefika. Anaumwa. Yuko chuo.*
Nani angejua?
Miaka ishirini na sita unaniita *mwanangu*,
neno lisilovaa suruali wala gauni,
nami nikalala humo kama paka majivuni.

Mpaka mahari ya Tumpe.
Wajomba wakaniita, *kaka mtu, njoo ukae huku*,
nikahesabu ng'ombe za watu na uso mkavu
huku masikio yangu yote yako kwenu,
kwenye migomba, mnakomenya ndizi na kucheka
kicheko ambacho nilikijua njia yake.

Nikasema. Sikusema vizuri.
Nilisema, mama, huna mtoto wa kiume,
wa pili pia ni binti,
nikaanza kukohoa, nikasingizia moshi.

Kiazi kikazunguka mkononi mwake,
kikazunguka.
Mvua ikapiga bati, ikaacha, ikapiga.
*Kyala*, akasema, taratibu, kama anayehesabu.
*Ni ugonjwa?*
Hapana.
*Ni Mbeya huko wamekufundisha?*
Ni hapahapa, mama. Darasa la tatu,
nilipojifunga kitenge chako cha kanisani
ukanikuta mlangoni.
Ulicheka kwanza.
Halafu ndipo ukakumbuka kunichapa.

Unaijua lumbesa kuliko mimi.
Gunia limejaa, limefika mdomoni,
mnunuzi anasema bado, ongeza,
anapandisha kilemba, anasuka kamba juu yake
hadi viazi vinachungulia nje kama wafungwa,
na bei ni ileile.
Walinijaza hivyo. *Jikaze. Usilie. Oa. Jenga.*
Mimi ndiye niliyeshika sindano, sikatai,
nilijishona kila asubuhi.
Sasa kamba imekatika, mama, viazi viko chini,
sina nguvu ya kuviokota vyote.

Jina usinibadilishie.
Lugano ni upendo,
na uliponipa hukuuliza upendo unakojoaje.

Hapo akakaribia kucheka. Hakucheka.
Akanyoosha mkono kwenye rundo langu,
akatoa kiazi kimoja, akakihamishia kushoto.
*Hicho cha mbegu,* akasema. *Huoni macho yake?*
Kisha, bila kunitazama:
*Baba yako asisikie kabla hatujauza.*
Kisha, muda mrefu baadaye, moto umeshakuwa makaa:
*Sogea huku, mwanangu. Baridi.*

Nikasogea.
Neno ni lilelile.
Sikujua safari hii amefungasha nini ndani yake,
wala sikulifungua.
Alfajiri alikuwa wa kwanza kuamka. Nilimsikia uani
akibishana na mwenye lori,
*mdomoni tu, baba, mdomoni tu, sizidishi.*