Mzio wa Jeruto

Kadi ya baba ilikuwa ya kijani,
nambari 1147, kiwanda cha pareto, Nakuru.
Nyuma yake, kwa wino wa karani mwenye haraka,
mke mmoja, watoto wanne, na nafasi ya wa tano.
Mimi wa tatu: Nasambu, miaka saba.

Chanzo chake baba alitueleza bila kupamba.
Vumbi la maua yale huua chawa na mbu,
na kifua cha mtu halikukisaza.
Wapakiaji wakawa wanapiga chafya zamu nzima,
magunia yanachelewa, meli haingoji.
Meneja akapiga hesabu, akaona
daktari ni nafuu kuliko gunia lililolala.
"Walitupaka grisi," alisema baba, akimenya ndizi,
"kama mashine nyingine zote mle ndani."

Tukapakwa. Sikatai.
Jino langu la kwanza kung'olewa liling'olewa kwa kadi ile,
na mama alimzaa Simiyu
juu ya shuka zenye mhuri wa kiwanda.

Ukuta wa pili, pale Kivumbini, aliishi Tapkigen.
Alichambua maua yaleyale, meza ileile,
lakini alikuwa kibarua:
Jumamosi analipwa, Jumatatu anapanga foleni getini
kana kwamba hajawahi kuonekana.
Vumbi halikumuuliza aliajiriwa lini.
Kadi iliuliza.

Usiku mmoja wa mvua za Aprili
Jeruto wake akabanwa,
mbavu zinakwenda kama mvukuto.
Mama hakuitisha mkutano.
Alitoa kadi kwenye kopo la majani chai,
akamvika Jeruto sweta langu, lile la vifungo viwili,
akaniinamia kitandani:
"Wewe leo huna jina. Lala."

Siku tisa Jeruto alikuwa Nasambu.
Nesi alijua. Mwezi uliopita alinishona kidevu,
na kidevu hiki kilikuwa laini kama yai.
Akakitazama, akamtazama mama,
akajaza sindano.

Uso wa mtoto ukavimba hadi macho yakapotea.
Kwenye faili langu, kwa wino mwekundu, nesi akaandika:
NASAMBU ASIPEWE PENISILINI.

Kiwanda kilipoyumba, kadi ilitangulia kufa.
Baba alifuata miaka minne baadaye,
kwa kifua, kwa deni,
kwa daftari la mchango lililopita mlango hadi mlango.
Mstari wa kwanza: Tapkigen, shilingi ishirini.

Juzi nimejisajili kwa simu
katika hii bima wanayosema ni ya kila mtu.
Kisanduku kikauliza: Mwajiri?
Nauza mitumba. Nikaweka kistari,
na simu, ajabu, ikakubali.
Hospitalini mtandao ulikuwa chini.
Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili,
mwalimu, mchoma mahindi, mlinzi wa usiku anayesinzia,
na hakuna aliyeulizwa anamfanyia nani kazi.
Dawa nusu walikuwa nazo. Nusu nikanunua nje.

"Una mzio wowote, mama?" akauliza daktari kijana.
"Penisilini," nikasema,
kama nilivyosema tangu nina miaka saba.

Jeruto yuko Kericho, ana wajukuu wawili.
Naye akiulizwa hujibu hivyohivyo.
Tuko wanawake wawili tunaoikataa dawa ile,
na mwili mmoja tu unaoikataa kweli.