Sweta

Askari wa Birkat al-Mouz alikagua magurudumu kwanza,
nyuso zetu baadaye.
Gari dogo halipandi huku, mlima una masharti yake.
Harith, dereva, akatia gia nzito, akanyamaza,
na sisi watatu, wauguzi wa zamu moja kule Nizwa,
tukala biskuti za Lourdes, tukahesabu kona
hadi Bindu akatapika kwenye mfuko wa duka la dawa.

Juu, baridi. Aprili, Omani, na baridi!
Mwaka wa nne huu, nilidhani nimeshasahau
jinsi pua inavyouma asubuhi.
Mashamba ya ngazi yanateremka korongoni
kama ya kwetu Mlalo, nikasema,
ila kwetu ni kabichi, maharage na ukungu;
hapa ni waridi, komamanga, jiwe, na anga tupu.
Hakuna aliyeniuliza Mlalo ni wapi.

Ndani ya kijumba cheusi kwa masizi
baba mmoja anachochea kuni.
Vyungu vimezibwa, maua yanachemka,
marashi yanadondoka, tone, kisha tone,
yananukia moshi kuliko ua.
"Piga, piga," anasema Harith. "Picha ni bure."
Bure kwa nani, sikumuuliza.

Mlangoni, binti yake, miaka minane, labda tisa,
kikapu cha maua kiunoni.
Shamsa, baba alimwita.
Gauni jekundu, shingo imetariziwa uzi wa fedha,
na juu yake sweta la kijivu, la kiume,
mikono imekunjwa mara tatu,
kifuani jina la kampuni ya saruji.

Nami, Mungu anisamehe, nikamfanyia ishara:
vua.
Dakika moja tu. Vua hilo.

Alinitazama. Jicho lile nalijua.
Nimewahi kuwa nalo mimi, njia ya kisimani, na dumu la njano,
siku mgeni mwenye miguu myekundu alipomnong'oneza mtembezaji wake,
naye mtembezaji akaniambia kwa Kisambaa:
weka dumu chini, shika mtungi huu, vua sweta.
Mtungi wa jirani, mtupu, una buibui ndani.
Tena, akasema yule. Tena. Cheka kidogo.
Peremende mbili. Moja nikampa Hoza, mdogo wangu.
Sweta nililiokota majanini, limelowa umande,
nikalivaa hivyo hivyo.

"La," alisema Shamsa.
Hata sauti hakupandisha.
Akaingia ndani na kikapu chake.

Nilinunua chupa ya riali nne, nikatoa tano.
Baba alinirudishia moja, akainyoosha kwanza
kwa dole gumba lenye masizi.
Kizibo kikalegea njiani, sare yangu ikalowa,
na jana mgonjwa wa kitanda cha sita
akauliza nani anapika wodini.

Ndani ya simu yangu kuna ukuta, mlango, kisigino.
Sijaifuta.
Na ng'ambo huko, katika albamu ya mtu nisiyemjua jina,
bado nimesimama na mtungi wa watu,
nacheka kidogo,
natetemeka.