Diski ya Pili

Aliingia dukani Jumanne na theluji mabegani,
Bi Oryssia Hnatiuk, fundi wa piano aliyestaafu,
akaweka glovu zake juu ya kaunta, akauliza:
"Rodelio, mtu mmoja hutoshwa na diski ya ukubwa gani?"

Jibu ninalo. Hulitoa mara kumi kwa siku:
tazama ulichonacho, kizidishe mara mbili,
kisha ongeza kidogo, maana kesho nayo hupiga picha.
Alikuwa amekiandika nyuma ya risiti ya dawa:
gigabaiti mia sita na arobaini.
"Basi terabaiti mbili," nikamwambia.
"Ya moja itakubana kama kiatu cha mwaka jana.
Programu haifuti ya jana ili iweke ya leo,
huzipanga moja juu ya nyingine kama magazeti,
na nafasi ikiisha, la chini kabisa ndilo hutupwa."

Akiba haiozi?
Hii huoza, tena bila harufu.
Siku moja unaichomeka, inalia tik, tik, tik,
na hiyo ndiyo barua yake ya kuaga.

"Kwa hiyo chukua mbili," nikasema.
Akacheka. "Kodi ya nyumba imekukaba?"
"Ni kwa ajili ya mto, mama."

Akanyamaza.
Winnipeg nzima inaujua mto ule barafu inapokatika.
Majira yale maji yalishuka ngazi za nyumba yake
bila kubisha hodi,
yakajaa chumba cha chini mpaka kwenye swichi,
na kanda za kwaya, miaka thelathini ya Pasaka,
zikavimba ndani ya maboksi yake.
Nakala alikuwa nazo. Rafu hiyohiyo, boksi la pili.

"Diski ya pili isilale nyumba moja na ya kwanza."
Akamtaja wifi yake Stefka, aishiye Brandon, kilimani.
Watakuwa wakibadilishana kila mwezi, kwa basi:
hii iende, ile irudi,
pamoja na chupa ya matango ya siki.

Jumamosi nilikwenda kumfungia.
Nakala ya kwanza hula muda;
taa ya buluu ilipepesa tangu mchana hadi usiku
huku akinilisha supu ya viazisukari vyekundu,
au kitu cha rangi hiyo, sikuuliza.
Zilipojaa zote mbili, nikasema, "Tujaribu.
Nakala isiyowahi kufunguliwa ni tetesi.
Chagua faili lolote."

Nilidhani atachagua harusi.
Akachagua faili lisilo na jina, tarakimu tupu,
dogo hata lisingejaza ukucha wa terabaiti.
Sekunde kumi na moja.
Sauti ya mwanamume, upepo nyuma yake:
"Orysiu, usisahau vitunguu, na pia..."

Basi.

Akalisikiliza kutoka kwenye kompyuta.
Akalisikiliza kutoka diski ya kwanza.
Akalisikiliza kutoka diski ya Stefka,
kichwa kakiinamisha upande, kama anayepima uzi.
"Zote tatu zinakatika palepale," akasema.
"Basi ni nakala nzuri," nikajibu,
na neno lilipotoka nikatamani kulirudisha;
kwa hilo hakuna programu.

Mlangoni, nikivaa viatu, akaniuliza:
"Na wewe, za kwako umeziweka wapi?"

Mganga hajigangi.
Mama yangu yumo ndani ya simu yenye ufa,
jikoni Iloilo, akinionyesha kukunja lumpia,
anaapa kwamba mimi huzikunja kama soksi.
Video moja. Mahali pamoja.
Nilicheka, nikafunga zipu hadi kidevuni.

Ndani ya basi, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
niliishika simu kwa mikono miwili
njia nzima.